Miezi kumi na moja ndani ya trela la kuishi, Utange

Mama yangu alikuwa na nyumba Kisauni: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na mnazi mmoja uani. Nyumba ilikuwa yake, ardhi ilikuwa ya mtu. Kwa wenyeji wa Mombasa hilo halihitaji maelezo. Unajenga kwenye kiwanja cha mwenyewe, kila mwezi unampelekea kodi ya ardhi, na siku kiwanja kikiuzwa unaambiwa uvunje uondoke na chako. Tuliondoka na mabati, milango miwili ya mninga na fremu za madirisha. Kuta tuliziacha zikawa kifusi.

Mimi nimeendesha matrela miaka ishirini na sita, Mombasa hadi Malaba, mara nyingine hadi Kampala. Mizigo ilipoanza kupanda SGR, ile reli mpya, mwaka wa 2018 safari zikapungua, mwisho nikaambiwa nipumzike. Akiba yangu ilitosha kujenga vyumba vitatu, lakini haikutosha kununua kiwanja chenye hati isiyo na kesi. Na kujenga tena juu ya ardhi ya mtu, hapana. Ndipo nikanunua nyumba yenye magurudumu. Bei sitaitaja; mke wangu anasoma, na yeye anajua bei nyingine.

Trela lenyewe ni la Kimarekani, la mwaka wa 2019. Lilikuja na mkandarasi wa kigeni, mradi ulipokwisha likauzwa yadini Miritini. Aina hii Wamarekani huiita gurudumu la tano, jina lililotoka kwenye magari ya farasi, yaliyokuwa na duara la chuma limelala juu ya ekseli ya mbele ili gari likate kona. Dereva yeyote wa Jomvu analijua: ni ile sahani nyuma ya kichwa cha lori inayoshika kingpini, ile pini nene ya chuma iliyo chini ya trela upande wa mbele. Kwao hufungwa ndani ya bodi ya pikapu kubwa, na trela huwa na shingo inayopanda juu ya pikapu. Humo shingoni ndimo kilimo chumba cha kulala.

Pikapu ya kulivuta sina, na hapa kwetu sijui mtu aliye nayo. Lakini nilipochutama kuipima kingpini nikakuta ni inchi mbili, sawasawa na ya trela la kontena. Moyo wangu ukatulia hapo hapo, kabla hata sijaingia ndani kutazama jiko. Tulilivuta saa nane za usiku na kichwa cha lori cha rafiki: Kibarani, Makupa, Buxton, daraja la Nyali, halafu Kongowea kuelekea Bamburi, mwendo wa kumsindikiza bibi harusi. Breki zake ni za umeme, za lori ni za upepo. Taa zake ni za volti 12, za lori 24. Tulifunga taa za kuazima nyuma na betri yake, na sitasema zaidi.

Jambo la kwanza mke wangu aliloligundua mimi sikuwa nimeliona. Tuliposimama Kongowea alitaka kuchukua chupa ya chai ndani, akakuta mlango uko upande wa kulia. Marekani wanaendesha kulia, kwa hivyo abiria wao hushukia kando ya barabara. Kwetu unashukia katikati ya malori. Akaniambia, "Mume wangu, nyumba yako yanitoa mbele ya tingatinga." Nimekodi pembe ya shamba la maembe Utange, na mlango nimeuelekeza kwenye miembe.

Sasa nieleze kinachofaa na kisichofaa. Nianze na stima, maana ndiyo iliyonila pesa.

Umeme wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Wetu ni volti 240, hezi 50. Aliyeniuzia alinipa transfoma nzito kama mtungi mkubwa wa gesi akasema, "Mzee, ukishachomeka hapa hutakuwa na tatizo." Kusema kweli, transfoma inashusha volti tu. Hezi haizigusi. Nililijua hilo kwa saa ya maikrowevu: kila saa moja inapopita ukutani, yenyewe hutembea dakika hamsini. Kama ningeifuata Ramadhani, tungefuturu watu wakitoka tarawehe. Nilicheka. Sikujua kwamba yanayoipata saa ndiyo yanayoipata mota ya kiyoyozi kilicho juu ya paa. Mota iliyoundiwa hezi 60 ukiipa 50 huzunguka polepole na kupata moto, na Mombasa ya Februari yenyewe ni moto. Kikaungua wiki ya pili ya mwezi. Fundi wa stima alipopanda na kukifungua alishuka na harufu nguoni, hakuhitaji kuniambia.

Upande wa pili wa stima umenifurahisha. Taa zote za ndani na pampu ya maji ni za volti 12, zinatumia betri. Niliweka paneli mbili za sola, na umeme ukipotea Utange nzima, kwetu taa zinawaka na bomba linatoka maji. Majirani huleta simu kuchaji. Mtoto wa jirani aliuliza kama sisi ni watu wa serikali.

Kiyoyozi kilipokufa nikajifunza kwamba trela hili limejengwa kwa hofu ya baridi. Kuta zina povu la kuzuia baridi, chini ya sakafu kumefunikwa, na chini ya ngazi ya kupandia chumbani kuna tanuri la gesi la kupasha nyumba joto. Tanuri! Nimelitoa, mke wangu anaweka viatu humo. Joto likishaingia ndani halina pa kutokea, kwa hivyo saa tisa alasiri ulikuwa ukikaa kama andazi. Nikatazama nilivyoliegesha: mkia kusini, na madirisha makubwa yanatazama mahali ambapo upepo haupiti, si kusi wala kaskazi. Mwenye nyumba ya mawe hapo angemaliza. Mimi Machi, kabla ya masika, niliazima kichwa cha lori tena, nikaigeuza nyumba. Nusu saa. Dirisha la sebule sasa linapokea kusi kifuani.

Kisha tukalijengea banda: nguzo za mvinje, makuti juu, nafasi ya kama mita moja kati ya makuti na paa la trela ili hewa ipite. Mbele, kwenye shingo, nimepaacha wazi bila nguzo. Feni moja dirishani inatosha sasa, na tokeni za stima zilizokuwa zikiisha kwa siku nne zinafika wiki mbili. Ukinunua trela hili, hesabu makuti ndani ya bei.

Banda limetuokoa na kunguru pia. Paa ni la mpira, limebandikwa juu ya mbao nyembamba, na viungo vyake vimezibwa kwa gundi laini. Kunguru wa Mombasa unawajua. Walikuwa wakija alfajiri kuidonoa ile gundi kama watu waliopewa kandarasi, na mvua ya kwanza ya vuli ilitudondokea kwenye kona ya kabati. Sasa wanatua kwenye makuti, wanatutukana kutoka huko.

Choo. Hapa nina kosa langu mwenyewe. Chini ya sakafu kuna matangi mawili: moja la maji ya jikoni na bafuni, jingine la choo, kila moja na koki yake. Nilichimba shimo, nikaunganisha bomba, nikazifungua koki zote mbili nikaziacha hivyo, nikaona nimemaliza kazi. Kumbe ya choo haiachwi wazi. Maji hukimbilia shimoni, na kisicho maji hubaki tangini kikikua kama kichuguu. Wiki ya sita kilifika mlangoni. Fundi aliyekuja kuzibua alikuwa kijana wa kuweza kuwa mwanangu, kwa heshima aliniita nje, akaniuliza, "Baba, ulikuwa ukiifungua lini?" Nikamwambia siku zote. Akatazama chini ili asicheke. Kazi ilichukua kutwa nzima. Tangu hapo koki inabaki imefungwa, tangi likikaribia kujaa ndipo naifungua yote yashuke kwa kishindo, halafu naifuatishia ya maji ya bafuni yasuuze bomba. Shida hiyo haijarudi. Na sisi wa kutawaza kwa maji tuna nafuu, maana vyoo hivi vya kukanyaga kwa mguu hutoa maji kidogo sana, na tangi likikosa maji ndipo matatizo huanza.

Ila udhu mara tano kwa watu wawili hujaza lile tangi jingine mbio. Mke wangu akaweka ndoo, kata na jiwe chini ya mwembe. Tatizo likaisha kwa ndoo na kata.

Maji ya mfereji huku huja yanapotaka. Tunanunua mitungi ya mkokoteni, tunamimina kwenye tangi la trela linalochukua kama lita mia mbili. Ya kisima ni ya chumvi, sikuyaruhusu yaguse pampu.

Jikoni ndiko tuligombana. Jiko ni zuri kwa macho, macho matatu na oveni, lakini mitungi yake ya gesi ina mdomo wa Kimarekani na yetu haiingii mpaka ubadilishe mpira na regileta. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba nyumba ina pua. Kuna king'ora cha moshi na kingine cha gesi, na vyote viwili havijui Mombasa. Kukaanga pweza, kinalia. Kuunguza papa, kinalia. Alhamisi moja jioni mke wangu alitia udi kwenye chetezo kama alivyofanya maisha yake yote, na nyumba ikapiga kelele mpaka mwenye shamba akaja na tochi na panga. Cha gesi nimekiacha, hicho sitanii nacho. Cha moshi nimekisogeza chumbani, na mapishi mazito pamoja na udi yametoka nje, chini ya makuti, kwenye jiko la makaa. Huko pia ndiko kulikopatikana nafasi ya mbuzi ya kukunia nazi. Ndani mtu hawezi kuikalia bila kufunga njia.

Friji ni ile ya kutumia gesi au umeme. Inataka trela lisimame sawa kama maji ya bakuli, na inataka hewa baridi mgongoni. Machi nguru wa kilo mbili aliozea ndani yake. Nimenunua friji ndogo ya kawaida ya volti 240, nimeivutia waya wake peke yake. Ya Kimarekani sasa ni kabati la unga.

Ukubwa? Mita kumi kasoro kidogo kwa urefu, upana mita mbili na nusu na ushei. Sebule ina ukuta unaosukumwa nje kwa mota, kama droo, na ukishatoka unapata nafasi ya makochi mawili. Nilidhani ni mchezo wa kitoto, sasa ndicho ninachokipenda zaidi. Wageni huomba niufunge na kuufungua, nami hujifanya sitaki. Mpira wa pembeni naupaka poda kila mwezi, vinginevyo hushika na kuchanika.

Samani za ndani ni aibu. Kwa mbali unaona mbao, ukigusa ni karatasi yenye picha ya mbao. Unyevu wa masika uliibandua kwenye milango mitatu ya kabati. Mtu wa Lamu akiliona kabati hili atalia. Milango ya mninga ya mama yangu, yenye umri kunipita, imekuwa meza yetu ya nje, na haijapinda hata kidogo. Chumvi nayo imeshaanza kula skrubu na ngazi ya mlangoni. Fremu ya chini nimeikwangua na kuipaka rangi ya meli mara mbili.

Kitanda ni kifupi. Wanasema ni saizi yao maalumu ya matrela. Miguu yangu inajua kwamba kimekatwa. Dari ya chumbani ni ya chini, na hakuna pa kutundika chandarua kwa sababu msumari ukipita kidogo umetoboa paa. Tumekishika kwa vikulabu vya kubandika, na mara moja kwa wiki hutuangukia usiku kama wavu wa jarife. Lakini nimelala miaka ishirini na sita nyuma ya kiti cha lori, foleni ya Malaba siku tatu, mvua Burnt Forest. Kwangu hili ni hoteli. Mke wangu, ambaye hakulala Malaba, ana maoni yake, na ukija atakupa bila kuombwa.

Kwa hivyo nani anunue? Mtu mwenye watoto wadogo, asinunue. Asiyejua kushika spana, asinunue, atawajenga mafundi. Ukipata la Kiingereza lenye umeme kama wetu na mlango wa kushoto, lichukue hata kama ni dogo. Kama ni la Kimarekani, dai punguzo la kiyoyozi, friji na maikrowevu, uhesabu kama havimo. Angalia chini kwanza, kutu, halafu paa, halafu ndani. Wengi huanza ndani kwa sababu ya ile droo.

Wiki iliyopita mwenye shamba alikuja. Ameona paneli, ameona banda, ameona wageni, na kodi ya pembe yake imepanda karibu mara mbili kichwani mwake. Mke wangu alimkaribisha chini ya makuti, akamwekea chai ya tangawizi na mahamri. Mimi nilisalimia vizuri, nikawaomba radhi, nikaenda mbele kule kusikokuwa na nguzo na kopo la grisi, nikaanza kuipaka kingpini.

Aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia, "Ah, usafi tu, ndugu yangu. Kunywa chai."