WinDbg na WDK 7.1.0 kwa draiva za Windows XP: uzoefu wangu

Maabara ninayoihudumia ina mashine ya kupimia inayotegemea kadi ya PCI, na draiva yake (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo) iliandikwa enzi za Windows XP. Mashine bado nzima, na mpya haishikiki kwa bei. Kwa hiyo draiva ilipoanza kuangusha kompyuta, ilibidi kodi yake ifunguliwe. Nimetumia WDK (Windows Driver Kit) 7.1.0, furushi la bure la Microsoft la mwaka 2010 la kutengenezea draiva, ambalo ndilo la mwisho kutengeneza draiva za XP.

Kompaila yake, inayogeuza kodi kuwa draiva, haina mbwembwe: fungua dirisha la amri la XP x86 Checked (la draiva ya majaribio), ingia kwenye folda ya kodi, andika amri ya bcz. Ila folda isiwe na nafasi katika jina lake. C:\kazi inatosha.

Ninayemsifu hasa ni WinDbg, programu ya Microsoft ya kusaka makosa. Anataka kompyuta mbili, maana ukisimamisha kerneli (kiini cha Windows) kila kitu kwenye kompyuta ile kinaganda, hata kipanya. Nimeziunganisha kwa waya wa bandari ya COM, ule ambao nyuzi za kutuma na kupokea zimepishana, kisha kwenye boot.ini, faili ya mipangilio ya kuwasha XP, nikaongeza /debug /debugport=COM1 /baudrate=115200, yaani kasi ya biti 115200 kwa sekunde.

Skrini ya bluu ilipotokea, kosa lilikuwa 0xD1, yaani draiva kugusa kumbukumbu kwa wakati usioruhusiwa. Niliandika !analyze -v, na WinDbg akanitajia faili na mstari wenyewe wa kodi. IRQL, ngazi ya kipaumbele cha kichakataji, ilikuwa 2. Draiva ilikuwa imeshika spinloki (kufuli ya kuzuia sehemu mbili za programu kugusa data ileile kwa pamoja) huku inasoma bafa, eneo la kuwekea data, iliyotengwa kwenye PagedPool, yaani kumbukumbu ambayo Windows inaruhusiwa kuihamishia diski. Katika ngazi ile kerneli haiwezi kusubiri diski, basi inaanguka. Bafa ikiwa bado kwenye RAM, mambo shwari. Ndiyo maana hitilafu ilikuwa ikija na kupotea, na mafundi wakailaumu kadi bure. Nilibadilisha neno moja, PagedPool likawa NonPagedPool, kumbukumbu inayobaki kwenye RAM daima. Kisha nikawasha Driver Verifier, inayokuja na XP yenyewe, ili iibane draiva hadi makosa ya aina hiyo yajitokeze papo hapo. Mpaka sasa imetulia.

Udhaifu mkubwa ni mwendo wa waya. Kwa kasi ile, kunakili RAM ya MB 512 huchukua zaidi ya saa 12, kwa hiyo iache XP ihifadhi dampu (nakala ya kumbukumbu) kwenye diski yake. Kompyuta pepe za VirtualBox, zinazoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, zinakuondolea waya, lakini kadi halisi ya PCI hutaijaribu humo kirahisi.

Wapo wanaoikumbuka SoftICE, programu nyingine ya kusaka makosa, iliyofanya haya yote kwenye kompyuta moja kwa kubonyeza Ctrl+D. Ilikuwa kazi ya kistadi kweli, lakini kampuni yake, Compuware, iliiacha mwaka 2006. Kwa XP iliyo kazini leo, tafuta kompyuta ya pili yenye bandari ya COM. Hata chakavu itafaa.