Muang Boran, Thailand: siku nzima kwa baiskeli na bado hatukuimaliza

Wadau wa Mwanza mnaoendaga Bangkok kufunga mzigo, hii ni yenu. Mi nauza nguo pale Makoroboi, na safari zangu zote Thailand nilikuwa najua soko la nguo la Pratunam, hoteli, kago, basi narudi nyumbani. Safari hii mzigo ukachelewa nikabaki na siku moja haina kazi, dada tunayesafiri naye akaniambia mdogo wangu vaa raba, kuna sehemu inaitwa Muang Boran, yaani mji wa kale, twende ukaone.

Kufika ni rahisi. Unapanda treni ya juu mpaka Kheha, kituo cha mwisho mkoa wa Samut Prakan, halafu teksi kidogo tu. Mwambieni dereva awashe mita kwanza, wa kwanza tuliyempata alitutajia bei ya ajabu tukashuka. Tiketi nililipa baht 700, kama elfu hamsini na kitu ya kwetu, na mgeni analipa zaidi ya mwenyeji.

Sasa palivyo. Eneo zima limetengenezwa kwa umbo la ramani ya Thailand, majengo ya kusini yamekaa kusini, ya kaskazini yako juu huko, na yako zaidi ya 100! Mnakijua Kijiji cha Makumbusho pale Dar, chenye nyumba za makabila? Wazo ni lile lile ila hapa ukisema utembee kwa miguu jua litakuangusha, tukachukua baiskeli, na sisi wa Kanda ya Ziwa baiskeli tumekua nayo kwa hiyo raha tupu.

Aliyejenga ni tajiri mmoja, Lek Viriyaphant, akafungua mwaka 1972. Mwanzoni alikuwa na wazo la uwanja wa gofu wenye majengo madogo ya kuigiza, ila alipoanza kufuatilia majengo yenyewe akakuta mengi yanaoza na kubomoka, hapo ndo akageuza mpango mzima. Ndo maana mengine pale ni halisi kabisa, yalifunguliwa ubao kwa ubao yakaletwa yakaungwa upya, na mengine ni nakala.

Jengo lililonishika ni Sanphet Prasat, ukumbi wa kiti cha enzi kwenye ikulu ya wafalme wa Ayutthaya, mji mkuu wa zamani. Ile yenyewe ilichomwa 1767 Waburma walipouteka mji, na ukienda Ayutthaya leo unakuta misingi tu, kwa hiyo hapa unaingia kwenye kitu ambacho kule kwenyewe hakipo tena. Unavua viatu, sakafu ya baridi, juu dari jekundu na dhahabu, paa limepandana tabaka juu ya tabaka mpaka linaisha kwa ncha kama mkuki, nilikaa chini pale nikashindwa kuondoka mpaka dada akaja kuniita. Malkia Elizabeth wa Uingereza alipokelewa humo humo mwaka 1972.

Kuna kilima pia cha kutengenezwa na juu yake nakala ya hekalu la Phra Wihan, lile la mpakani ambalo Mahakama ya Kimataifa iliamua 1962 kwamba ni la Kambodia. Panda, ukiwa juu unaona eneo lote.

Kwenye soko la majini ndo nilijisikia nyumbani, nyumba za mbao zimesimama juu ya nguzo, mitumbwi chini, nikakumbuka mwalo wa Kirumba asubuhi. Kuleni saladi ya papai bichi (pilipili yake siyo ya mchezo) na embe linaloliwa na wali mtamu wa nazi, mi nilirudia sahani.

Ila kilichoniingia zaidi siyo madhahabu. Ni kwamba nyumba ya mkulima na maduka ya mbao ya watu wa kawaida wameyatunza kama wanavyotunza ikulu, yamefagiliwa, yana kibao cha maelezo. Mi bibi yangu Magu alikuwa na msonge, nyasi zimeshuka mpaka karibu na ardhi, ndani baridi hata saa nane mchana, leo pale kuna bati na hakuna hata picha. Nilimwambia dada, akanyamaza na yeye, kwao Sengerema ni vile vile.

Niliporudi, Jumapili ya kwanza nikawabeba watoto mpaka Bujora, pale Kisesa barabara ya Musoma, kama kilomita 20 tu kutoka mjini. Aisee nimezaliwa Mwanza na ilikuwa mara yangu ya kwanza, inauma. Makumbusho ya Wasukuma yako pale tangu 1968, yalianzishwa na Padre David Clement, kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi limejaa ngoma, kuna nyumba ya mhunzi, ya mganga, na kanisa lenyewe limejengwa kama msonge. Mwanangu mdogo aliingia kwenye nyumba ya nyasi akatoka akaniuliza, mama, bibi alikuwa analala upande gani? Nikarudi naye ndani nikamwonyesha.

Kwa mnaoenda Thailand: fikeni asubuhi, maji ya kutosha, kofia, na mabega yafunikwe kwa ajili ya sehemu za ibada. Siku moja haitoshi, sisi upande wa kaskazini tuliupita mbio na safari ijayo naanzia huko.