Colt ya 1873: springi bapa au ya waya?

Kifyatulio cha bastola ya Colt Single Action Army, ile modeli ya 1873, kikilegea na kuning'inia, mara nyingi iliyovunjika ni springi ndogo bapa yenye miguu miwili: mmoja husukuma kifyatulio, wa pili komeo linaloizuia silinda yenye risasi isizunguke. Hukatika pale miguu inapoachana, kwa sababu kila ukikoka nyundo (ukiivuta nyuma) hujikunja palepale.

Hakikisha kwanza vyumba vyote sita vya silinda ni vitupu. Kisha koka na usukume nyundo kwa dole gumba. Ikiporomoka ilhali springi ni nzima, kilicholika ni pengo la nyundo linaloshikwa na ncha ya kifyatulio, au ncha yenyewe. Springi mpya haitasaidia, na tafadhali usipitishe tupa hapo: utakula tabaka gumu la juu.

Kama iliyovunjika ni springi, unaweza kuweka bapa mpya au ya waya badala yake. Bei si hoja kubwa, zote mbili ni rahisi. Kazi pia ni ileile: toa mpini, springi kuu na kingio la kifyatulio, halafu skrubu moja inayoshika springi.

Kwa uimara, waya inashinda wazi. Hustahimili kukunjwa mara nyingi zaidi na hulainisha kifyatulio. Ila mguu wake wa komeo ukikaa dhaifu, komeo huchelewa na silinda hupitiliza. Jaribu vyumba vyote sita kabla ya kufunga.

Bapa hulinda uasili. Kwa bastola ya kabatini isiyofyatuliwa, ndiyo inayofaa, hasa ukilainisha kingo zake kwa jiwe, kwa urefu wa mguu, zisianze ufa. Anayefyatua kila wiki ataifurahia waya, mradi aitunze ile bapa ya zamani kwenye karatasi yenye mafuta.