Probayotiki za Mbwa: Ipi Ununue Ukiishi Kwenye Joto la Pwani

Malalamiko ninayoandikiwa kuhusu unga wa tumbo la mbwa yanafanana mno. Mtu kanunua kopo kubwa, kalipa fedha ya maana, kila asubuhi anamnyunyizia mbwa kijiko juu ya ugali na dagaa, na kinyesi kimebaki vilevile, laini na cha kuteleza. Akirudi dukani anaambiwa kopo moja halitoshi, achukue la pili. Niliwaomba wenye malalamiko wanitumie picha za makopo yao. Nyuma ya mengi, kwa maandishi madogo sana, palikuwa na sentensi ambayo hakuna muuzaji aliyewasomea: idadi ya bakteria ilihesabiwa siku bidhaa ilipotengenezwa.

Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, sentensi hiyo ndiyo ya kusoma kwanza. Probayotiki ni bakteria hai waliokaushwa. Wakiwa hai wanaweza kulisaidia tumbo. Wakifa umelipia unga tu. Idadi yao huandikwa kwa kipimo cha CFU, yaani vijidudu vilivyo hai na vinavyoweza kuzaana. Kampuni moja huahidi idadi hiyo mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyingine inaahidi siku ya kiwandani tu, kisha kopo linapanda meli, linalala ndani ya kontena bandarini, linafika kwenye duka lisilo hata na feni, na hapo linapangwa dirishani ili wapita njia walione. Mwezi wa Februari, jua la saa nane likipiga kioo kile, usiniambie ndani ya kopo bado mna mabilioni.

Hata kwenye nchi za baridi hali si nzuri. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 25 za probayotiki za wanyama. Kati ya zilizotaja idadi maalumu, nyingi hazikuifikia. Kama Kanada ni hivyo, mimi siwezi kumshauri mtu wa Temeke anunue kwa kuangalia ukubwa wa tarakimu, wala kwa kuhesabu ni aina ngapi za bakteria zimetajwa.

Ninachoangalia ni chombo. Bakteria waliokaushwa wanadumu kwa sababu ni wakavu. Unyevu ukiwaingia kukiwa na joto, wanakufa upesi. Kopo la unga linafunguliwa kila siku, kijiko kinaingia, wakati mwingine kimetoka kuoshwa, na hewa ya pwani inaingia nacho. Likifika nusu, unga umeanza kushikana madonge. Ukiona madonge, lile kopo limekwisha hata kama limejaa. Pakiti ndogo ya kutumia mara moja haina shida hiyo, kwa sababu pakiti ya kesho haijaguswa na mtu.

Kabla ya kutoa fedha, hata hivyo, hakikisha ni tumbo la kusaidiwa na unga. Mtoto wa mbwa asiye na chanjo anayetapika na kuharisha damu yenye harufu kali anaweza kuwa na parvo, ugonjwa hatari wa virusi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Mbwa ambaye hajapewa dawa ya minyoo kwa muda mrefu aanze na minyoo. Na jamii ya German Shepherd, ambao huku ndio tunaowapenda kwa ulinzi, wana ugonjwa wao: kongosho linashindwa kutoa vimeng'enya vya kutosha. Mbwa anakula kama hajawahi kushiba, anakonda, na anatoa kinyesi kingi, cha rangi hafifu, chenye mafuta. Huyo anahitaji kipimo cha damu kinachoitwa TLI, kisha vimeng'enya vya kongosho kwenye kila mlo, maisha yake yote. Probayotiki peke yake haitamwokoa. Kwa upande mwingine, mbwa mwenye kongosho zima hana haja ya vimeng'enya hivyo, na inaniudhi kuona anauziwa.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni FortiFlora ya Purina, na sifichi kwamba naipendelea. Ni boksi la pakiti 30, kila moja gramu moja, bakteria wa aina moja tu: Enterococcus faecium SF68. Kila gramu ina milioni 100, idadi ambayo mashabiki wa mabilioni wanaicheka. Waache. Pakiti imezibwa moja moja, bakteria wenyewe wamefunikwa kwa utando wa kuwakinga, na mbwa wanaipenda mno, hata yule aliyegoma kula analamba bakuli. Wanaipenda kwa sababu kiungo cha kwanza kwenye orodha ni ladha itokanayo na nyama iliyomeng'enywa. Hilo ni zuri kwa mbwa asiye na hamu ya kula, ila ni baya kwa mbwa mwenye mzio wa nyama fulani. Huyo muulizie daktari kwanza. Unga nyunyiza juu ya chakula kilichopoa. Ugali unaotoa moshi utawaua bakteria palepale sahanini.

Namba mbili ni Pro-Kolin Advanced ya Protexin, ya Uingereza. Hii ni dawa laini iliyo ndani ya bomba la sindano lisilo na ncha, unasukuma mdomoni. Ina bakteria wa jamii hiyohiyo ya Enterococcus faecium, pamoja na udongo wa mfinyanzi unaonyonya, pektini (nyuzinyuzi za matunda) na maganda ya mbegu za isapgoli. Kwa kuharisha kwa ghafla ushahidi wake ni mzuri kuliko wa namba moja yangu, nakiri hilo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilihusisha mbwa 148. Waliopewa dawa hii waliharisha kwa wastani wa kati wa saa 32, waliopewa dawa ya uongo, isiyo na kitu ndani, saa 47. Kwa nini basi imeshuka? Kwanza ni dawa ya siku chache, si ya kumpa mbwa mwezi mzima. Pili, jaribu kumfungua mdomo mbwa wa ulinzi wa kilo 40 asiyekuzoea vizuri. Tatu, udongo ule unaweza kunyonya dawa nyingine, kwa hiyo ziache mbalimbali kwa saa mbili hivi. Mwenye mbwa mpole na tumbo lililochafuka leo anunue hii.

Namba tatu ni Proviable ya Nutramax. Ni vidonge vya kapsuli, aina saba za bakteria, bilioni tano kwa kapsuli. Bidhaa nzuri, kampuni inayoheshimika. Lakini zote zimo kwenye chupa moja unayoifungua kila siku, na nimeshaeleza ninavyofikiri kuhusu chupa. Ukiinunua, isikae jikoni karibu na jiko, na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kisitupwe.

Bidhaa zenye Bacillus zinastahimili joto vizuri zaidi, maana bakteria hao hujifungia kwenye mbegu ngumu. Ukiikuta yenye jina kamili la bakteria na ahadi mpaka mwisho wa matumizi, chukua bila hofu.

Za bei nafuu: boga lililochemshwa bila chumvi wala sukari, au isapgoli kidogo iliyolowekwa kwa maji mengi. Ni nyuzinyuzi, zinasaidia kinyesi kushikana, hazina bakteria. Mtindi unaweza kuwaharisha baadhi ya mbwa. Probayotiki za watu zenye utamu usizijaribu kabla ya kusoma viungo, kwani zailitoli, kiungo cha kutia utamu badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa, na hata kiasi kidogo kinashusha sukari ya damu.

Tukija kwa wauzaji, nina kinyongo. Kuna maduka yanayopasua boksi la FortiFlora na kuuza pakiti moja moja. Kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo ni msaada, sikatai. Ila piga hesabu: gawa bei ya boksi kwa 30, kisha linganisha na unachotozwa. Mara nyingi pakiti ya rejareja inakaribia mara mbili. Wengine wanabandika stika ya bei juu ya tarehe. Ukiomba ibanduliwe wanakuangalia kama mwizi. Wako pia wanaoleta bidhaa kwenye mabegi kutoka ng'ambo, hawajui zilikaa wapi, na bado wanatoza zaidi ya mwenye duka lenye kiyoyozi.

Mimi muuzaji akikataa kubandua stika, naiacha bidhaa mezani na kuondoka. Akiitoa dirishani, namwomba ya stoo. Boksi zima, tarehe inayosomeka, angalau miezi sita mbele, na risiti. Bei ya bidhaa hii tayari ni kubwa. Kumdai muuzaji mambo manne hayo si usumbufu, na asiyeweza kuyatimiza auze minyororo na mabakuli.