Uzoefu wangu na abakasi ya mbao ya kumfundishia mtoto hesabu nyumbani

Naongelea ile fremu ya mbao yenye nyaya kumi na kila waya una shanga kumi, jumla shanga mia. Niliichukua Kariakoo kwenye duka la vifaa vya shule, muuzaji alianzia elfu kumi na nane tukamalizana kwa elfu kumi na mbili, na nimekaa nayo muda wa kutosha kuwa na la kusema. Binti yangu yuko darasa la pili, na kuhesabu anahesabu vizuri tu, mpaka mia huku anaruka kamba, ila ukimwambia nane jumlisha tano anaanza moja, mbili, tatu kwenye vidole, vya mikono vikiisha anahamia vya miguu, na mtu akimkatisha anaanza upya. Mtoto wa hivyo 27 + 15 ataifanyaje?

Kwanza ubora wenyewe. Mbao iko vizuri, miguu imesimama, ila ukienda kununua sukuma shanga uone kama zinatulia pale ulipoziacha, zingine zinateleza zenyewe ukiinamisha fremu kidogo na hesabu yote inavurugika. Nusa na rangi pia, yenye harufu kali achana nayo, watoto wanaweka kila kitu mdomoni.

Sasa kitu ambacho sikukipenda kabisa ni rangi za shanga, kila waya una rangi yake moja, wa kwanza nyekundu tupu, wa pili njano tupu, dukani inapendeza lakini kwa hesabu haisaidii. Jicho la mtu linatambua vitu vitatu au vinne kwa mara moja, zaidi ya hapo inabidi uhesabu, kwa hiyo shanga saba nyekundu zimepangana mtoto hawezi kuziona kama saba, atazihesabu moja moja na umerudi kulekule kwenye vidole. Nikachukua rangi ya kucha ya shangazi yake nikapaka shanga tano za mwisho za kila waya. Hapo ndo kifaa kikaanza kufanya kazi! Saba sasa ni tano zisizopakwa na mbili zilizopakwa, anaiona tu. Abakasi ya kizamani ya Warusi nayo shanga mbili za katikati zina rangi tofauti kwa sababu hiyohiyo, na Waholanzi wana ya kwao ya shule yenye tano nyekundu tano nyeupe. Ukiikuta ya rangi mbili tayari chukua hiyo, usijisumbue na rangi ya kucha.

Jinsi tunavyotumia ni hivi, sheria ya kwanza hakuna kusukuma moja moja, unasukuma kwa mkupuo. Nane jumlisha tano: anasukuma nane, anaona waya umebakiza mbili, kwa hiyo ile tano anaivunja, mbili zinajaza waya wa juu na tatu zinashuka waya wa chini, kumi na tatu, kwisha. Shuleni walikuwa wanaimbishwa "andika tatu, beba moja" na yeye alikuwa anaimba vizuri sana bila kujua hiyo moja inabebwa kwenda wapi, sasa anajua hiyo moja ni waya mzima uliojaa. Na kwenye kutoa ndo utamu wenyewe, 42 toa 17, anapanga nyaya nne zilizojaa na shanga mbili, anaondoa waya mmoja mzima inabaki 32, anaondoa zile mbili inabaki 30, bado tano, anazitoa kwenye waya uliojaa, 25. Habari za "nenda kakope kwa jirani" nimemwachia mwalimu wake.

Kuzidisha nako inasaidia kuliko ile chati ya ukutani. Tebo ya mbili anaimba yote lakini ukimuuliza mbili mara saba lazima aanzie mbili mara moja apande nayo mpaka juu. Kwenye fremu tunailaza mezani, nyaya tatu shanga nne nne, halafu anahamia upande wa pembeni wa meza anaona mistari minne ya tatu tatu, basi kashajua tatu mara nne na nne mara tatu ni jibu moja, tebo zinapungua karibu nusu. Hata saba mara nane ambayo watu wazima wengi inatushinda, unapanga nyaya saba shanga nane nane, kwa zile alama za rangi ya kucha unaona 35 zisizopakwa na 21 zilizopakwa, jumlisha 56.

Isipofaa: namba zaidi ya mia (hapo natumia sarafu, za hamsini, mia, mia mbili, na namtuma gengeni arudi na chenji aliyoihesabu mwenyewe), hesabu za sehemu (nusu, robo) pia hapana, hizo tunafanyia chapati. Na usiichanganye na ile ya Kijapani, shanga moja juu nne chini, wanauza dukani hapohapo, ile ya juu thamani yake ni tano na inahitaji mwalimu aliyejifunza, mzazi ukiinunua kwa pupa itakaa kabatini.

Programu za simu nazo tulijaribu, sizitaji, mtoto alikuwa anabonyeza majibu yote manne mpaka litokee la kijani, halafu linaingia tangazo. Fremu haimwambii kapatia au kakosea, inabidi aangalie mwenyewe, mimi hilo nalipenda.

Ila asiizoee mpaka ashindwe bila hiyo. Siku hizi naifunika na kanga namwambia asukume kichwani, mwanzoni alinuna, sasa anafumba macho vidole vinacheza hewani jibu linatoka.

Wa chekechea, darasa la kwanza na la pili, nunua tu. Mtoto yuko darasa la nne anakaribia upimaji, hiyo elfu kumi na mbili katafutie mitihani iliyopita. Na ukifika dukani uliza kama wanauza nyaya za akiba, yangu waya wa tatu ushapinda, mdogo wake aliikalia.