Dune mara mbili, na hadithi fupi iliyoharibiwa

Ukitaka kupima filamu zinazotokana na vitabu, riwaya ya Dune (1965) ya Frank Herbert ndiyo kipimo kizuri. David Lynch aliibana riwaya nzima katika dakika 137 mwaka 1984. Ikabidi wahusika wanong'one mawazo yao ili mtazamaji asipotee, na nusu ya pili inakimbia mno. Denis Villeneuve aliigawa: dakika 155 mwaka 2021, nyingine 166 mwaka 2024. Mawazo yaligeuka macho, ishara za vidole na kimya. Hasara ipo: Thufir Hawat, mshauri muhimu kitabuni, haonekani kabisa sehemu ya pili. Hata hivyo, anza na hizi.

Kwa hadithi fupi, tatizo ni kujaza nafasi. Arrival (2016) iliongeza mvutano wa kijeshi kwenye hadithi ya Ted Chiang, lakini uhariri wake bado unachezea muda kama mwandishi alivyokusudia. A Sound of Thunder (2005) ilichukua hadithi ya Ray Bradbury kuhusu wasafiri wa muda wanaobadilisha yaliyopita, ikaibandikia nyani-mijusi na mawimbi ya muda yanayobadilisha dunia kwa awamu. Kama yaliyopita yameshabadilika, mabadiliko yanasubiri nini? Bradbury aliyaleta yote papo hapo. Picha za kompyuta nazo ni aibu, hata kwa mwaka ule. Iruke, soma hadithi.