Tathmini ya chekechea ya mtaani kwetu Mombasa

Mwanangu wa miaka 4 yuko PP1, yaani mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, katika chekechea ya jamii inayofuata mfumo wa kufundisha watoto wadogo uitwao Madrasa, ambao chimbuko lake ni hapa hapa pwani. Mnamo miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu walimwomba Aga Khan, kiongozi wa kiroho wa Waismailia, msaada ili watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa wameandaliwa vyema, na Bi Swafiya Said akawa mstari wa mbele kuwafunza walimu. Baadaye mfumo huo ulifika Zanzibar na Uganda.

Darasa limegawanywa katika pembe za kuchezea, na vifaa vyake vingi havikununuliwa: vifuu, simbi, kokwa, vifuniko vya soda. Nilipokaa kutazama, mtoto mmoja alikuwa amepanga vifuniko safu mbili, vyekundu vikawa vingi kuliko vya kijani. Mwalimu hakumpa jibu, bali aliinama na kumuuliza, "Haya mwanangu, tufanyeje ili vilingane?" Mtoto akahesabu kwa kidole, akasita, kisha akaondoa viwili. Alikuwa amefanya hesabu ya kutoa ilhali alama yake hajaijua, na vidole vilivyokuwa vikiokota vifuniko vile ndivyo vitakavyoshika kalamu.

Baadhi ya wazazi wenzangu hulalamika kwamba madaftari hayajai maandishi. Naheshimu wasiwasi wao, lakini sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa mtoto wa umri huu hujifunza kwa kushika, kuuliza na kusimulia, na kumlazimisha kunakili herufi ukurasa mzima humchosha kabla hajaipenda shule. Wangu zamani akinyang'anywa kitu alikuwa akipiga, siku hizi humwambia nduguye, "Subiri nimalize, kisha zamu yako." Kwangu hilo lina thamani kubwa kuliko daftari lililojaa.

Karo ni ya wastani na uji wa saa nne umo ndani yake. Kasoro zipo, nazo si ndogo. Watoto ni wengi mno kwa walimu wawili, hivyo wale wakimya husahaulika kwa urahisi, na uwanja hauna kivuli cha kutosha. Uongozi unapaswa kuajiri mwalimu wa tatu kabla ya kusajili watoto wengine.

Mzazi anayefikiria kumleta mwanawe aje asubuhi, wakati wa pembe, aombe kuketi nyuma ya darasa. Walimu huruhusu.